Kinywe, Urani na Waya: Miaka 80 ya Kutafuta Nguvu Kusini

Nkowe ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya Wamwera. Mpaka miaka ya 1990 Ruangwa ilikuwa chini ya wilaya ya Nachingwea. Wachuuzi wa mazao wanaijua sehemu hii kwa korosho na ufuta. Wanajiolojia wanaijua kwa kinywe, madini meusi na laini yanayoteleza vidoleni, jamii ya kile kinachoandika ndani ya penseli. Ukielekea magharibi mpaka Namtumbo, mkoani Ruvuma, utakuta urani. Ukielekea pwani, Mtwara na Kilwa, utakuta gesi.

Kinu cha kwanza cha nyuklia duniani kilijengwa kwa vitu viwili vikubwa: urani na kinywe. Kusini mwa Tanzania kuna vyote viwili, na gesi juu yake. Hata hivyo hakuna kinu cha kufua umeme wa nyuklia kusini, wala popote Afrika Mashariki, na umeme wenyewe ulivifikia vijiji vya Lindi na Mtwara kwa kuchelewa sana. Sababu haikuwa uhaba wa madini. Madini hayawi nguvu mpaka pawepo mtambo, waya na mteja, na katika historia ya kusini njia ya kutolea mali imezoea kutangulia, huku waya ukifuata baadaye.

1938–1942: Atomu yapasuka

Desemba 1938, mjini Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta ndani yake bariamu, elementi nyepesi ambayo hawakuitarajia kabisa. Muda mfupi baadaye Lise Meitner, akiwa uhamishoni Sweden, alikaa na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, wakaeleza kilichotokea: kiini cha atomu ya urani kilikuwa kimepasuka vipande viwili.

Kiini kikipasuka hutoa joto jingi pamoja na nyutroni mpya mbili au tatu. Nazo zikikifikia kiini kingine hukipasua, na hicho hutoa nyingine. Mlolongo huo ukiendelea bila kukatika, joto halikomi. Lakini kuna vikwazo viwili. Kwanza, katika kila atomu 1,000 za urani ya ardhini, ni takriban 7 tu za aina inayopasuka kwa urahisi, ile ya namba 235. Pili, nyutroni hutoka kwa kasi kubwa mno, na basi linalokwenda mbio halipakii abiria. Lazima pawe na kitu cha kuzipunguzia mwendo bila kuzimeza. Maji ya kawaida hupunguza mwendo lakini humeza baadhi yake. Maji mazito hayamezi sana, ila ni ghali. Kinywe safi hufaa.

Enrico Fermi na wenzake walichagua kinywe. Chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago walipanga matofali zaidi ya 40,000 ya kinywe, wakapachika urani katikati yake, na kupitisha fito za kadimiamu, metali inayomeza nyutroni. Tarehe 2 Desemba 1942 fito ya mwisho ilivutwa nje hatua kwa hatua, mpaka mlolongo ukaanza kujiendesha. Nguvu iliyopatikana ilikuwa nusu wati, isiyotosha hata kuwasha balbu ya tochi. Hata hivyo njia ilikuwa imeonekana: kuzirudisha fito ndani kunatuliza, na kuzitoa kunachochea.

Kinywe cha Chicago hakikuchimbwa ardhini. Kilitengenezwa kiwandani kutokana na masalia ya petroli, kwa sababu kinywe cha asili huja na uchafu, na chembe ndogo tu za boroni zinatosha kumeza nyutroni na kuukata mlolongo. Kwa hiyo hata miaka hiyo ya mwanzo thamani ilikuwa katika usafishaji zaidi kuliko katika kuchimba.

Urani ilikuwa na habari nyingine. Sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa na mradi wa bomu la Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodini. Mwamba wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915 na ulikuwa tajiri kupita wote uliojulikana wakati ule. Edgar Sengier, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, alikwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 mpaka ghala la Staten Island, New York, mwaka 1940. Wanajeshi wa Marekani walipomwendea Septemba 1942, mzigo ulikuwa unawasubiri. Waliouchimba hawakuambiwa unakwenda kufanya kazi gani.

1946–1962: Karanga, reli na bandari

Wakati atomu ikiwa siri ya majeshi, kusini mwa Tanganyika kulizuka mradi wa aina nyingine. Uingereza ilitoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo nchini, ulizunguka kwa wiki chache na kuafiki. Zaidi ya ekari milioni 3 zingefyekwa, nyingi zikiwa Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fungu kubwa kuliko yote lilipangiwa kusini.

Ilihitajika reli, ikajengwa kutoka pwani kuelekea Nachingwea. Ilihitajika bandari ya kina kirefu, ikachimbwa Mtwara. Nachingwea pakageuka kutoka kijiji kuwa mji wa ofisi, karakana na nyumba za wafanyakazi. Lakini mvua haikufuata ramani, udongo ulikauka na kuwa mgumu, visiki na mizizi vilivunja majembe ya matrekta, na fedha zilikwisha kabla ya mavuno. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango wenyewe, na hasara iliyotajwa ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Reli ilifika Nachingwea, lakini karanga za kujaza mabehewa hazikuwapo. Ilibeba mizigo ya hapa na pale, ikaendeshwa kwa hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, mataruma yakang'olewa. Bandari ya Mtwara ilibaki. Mpango huu ndio uliowaachia watu wa kusini somo la kwanza la miradi mikubwa: kwamba mahitaji ya mbali yanaweza kuleta reli kwa haraka, na yakigeuka, reli huondoka kwa haraka ile ile.

1953–1972: Atomu yachemsha maji

Tarehe 8 Desemba 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alihutubia Umoja wa Mataifa na kutaka atomu itumike kwa amani. Warusi walimtangulia kwa vitendo. Juni 1954 kinu cha Obninsk, chenye uwezo wa megawati 5, kiliingiza umeme katika gridi. Oktoba 1956 Malkia Elizabeth II alizindua Calder Hall, kinu cha kwanza kufua umeme kwa kiwango cha biashara. Vyote viwili vilitumia kinywe kupunguza kasi ya nyutroni.

Kwa mtu aliyewahi kuona jenereta ya mvuke, kituo cha nyuklia hakina uchawi. Nusu yake ni ile ile ya kituo cha makaa ya mawe au cha gesi kinachochemsha maji: mvuke wenye shinikizo hupiga mapanga ya turbini, turbini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, kisha mvuke hupozwa na kurudi kuwa maji. Tofauti iko kwenye chanzo cha joto. Badala ya moto, kuna vidonge vya urani vilivyopangwa ndani ya mirija ya metali. Katika vinu vingi vya leo maji ya shinikizo kubwa hupita kati ya mirija hiyo, yakifanya kazi mbili kwa pamoja: kupunguza kasi ya nyutroni na kubeba joto. Maji hayo hayaendi kwenye turbini. Hupita katika mabomba yanayochemsha maji mengine, na mvuke wa hayo ya pili ndio unaofanya kazi. Kwa sababu maji humeza nyutroni kiasi, urani ya vinu hivi hurutubishwa kwanza, yaani ile aina ya 235 huongezwa kutoka asilimia 0.7 mpaka kati ya 3 na 5.

Kidonge kimoja cha gramu chache hutoa joto linalokaribia la tani moja ya makaa ya mawe. Kituo cha megawati 1,000 hula takriban tani 25 za mafuta haya kwa mwaka, shehena ya malori machache. Gharama iko kwingine. Ujenzi huchukua miaka mingi na mabilioni ya dola, na mafuta yaliyotumika hubaki na mionzi mikali kwa maelfu ya miaka. Zaidi ya hayo, kinu kikizimwa joto haliishi papo hapo, kwa kuwa masalia ya mpasuko huendelea kutoa joto kwa siku na wiki. Pampu za kupozea zikikosa umeme, kinu kilichozimwa kinaweza kuyeyuka.

Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Juni 1959, na hakikuwa cha umeme. Kilikuwa TRICO, kinu kidogo cha utafiti chenye kilowati 50, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, leo Kinshasa. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia, na hoja yake ilisimama juu ya Shinkolobwe: nchi iliyotoa urani ya dunia ilistahili walau maabara. Mwaka 1972 kilifuatiwa na kingine cha megawati 1. Kongo ikapata wataalamu na tiba, lakini hakuna taa hata moja iliyowaka kwa urani ya Katanga ndani ya Katanga.

1964–1986: Maji ya mbali, gesi iliyosahauliwa

Tanzania huru ilichagua maji. TANESCO, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilitaifishwa mwaka 1964, mwaka ambao kituo cha Hale kwenye mto Pangani kilianza kazi. Nyumba ya Mungu, Kidatu na Mtera vilifuata. Mito ya vituo hivyo yote iko kaskazini na katikati ya nchi, na gridi ilikua kuifuata mito na viwanda. Kusini ilibaki nje. Miji yake iliwashwa kwa jenereta za dizeli, na dizeli ilisafirishwa kwa meli na kwa barabara ambazo masika hazikupitika.

Nachingwea yenyewe ilikuwa na kazi nyingine. Tangu katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na kambi kubwa ya FRELIMO, ambako Samora Machel na wenzake waliwafunza wapiganaji wa Msumbiji. Moja ya shabaha zao ilikuwa mradi wa umeme: bwawa la Cahora Bassa, ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1969 kwenye mto Zambezi, ili umeme wake mwingi uuzwe Afrika Kusini. Huko ng'ambo ya Ruvuma lilikuwa linajengwa jambo lile lile: nguvu inazalishwa hapa, waya unakwenda kwingine.

Mwaka 1974 kampuni ya Italia, AGIP, ilitafuta mafuta Kilwa, ikakuta gesi katika kisiwa cha Songo Songo. Mwaka 1982 ikakuta nyingine Mnazi Bay, Mtwara. Ilichotaka ilikuwa mafuta. Gesi haina maana bila bomba na mteja, na mteja mkubwa alikuwa Dar es Salaam. Visima vikafungwa, vikasubiri. Songo Songo ilisubiri miaka 30.

Miaka hiyo hiyo, kati ya 1978 na 1982, kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ilipima urani katika maeneo kadhaa ya nchi, yakiwemo ya kusini. Iliondoka bei iliposhuka. Tanzania ilikuwa imejiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976, na mwaka 1983 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimamia mashine za eksirei na tiba ya saratani hospitalini. Umeme wa atomu haukuwa hata kwenye mipango.

Kisha usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kinu namba 4 cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Kilikuwa cha jamii ya kinywe na maji. Fito zake za kudhibiti zilikuwa na ncha za kinywe, na zilipoanza kushuka kuzima kinu, ncha hizo ziliongeza mpasuko kwa sekunde za mwanzo badala ya kuupunguza. Moto ulioteketeza kinu kilichobomoka uliwaka kwa siku kadhaa. Mataifa mengi yalisitisha mipango yao, bei ya urani ikalala, na mwamba wa Ruvuma ukalala nao.

2004–2015: Gesi yafika, na ugomvi wake

Gesi ya Songo Songo ilianza kutiririka mwaka 2004 kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 kupitia Somanga Funga mpaka Ubungo. Dar es Salaam ilipata nafuu. Lindi, mkoa uliotoa gesi, uliendelea na dizeli.

Mabadiliko ya kweli kwa kusini yalitoka kwenye mradi mdogo zaidi. Kampuni ya Kanada, Artumas, ilikifungua tena kisima cha Mnazi Bay, ikalaza bomba fupi mpaka Mtwara mjini, na kufikia 2007 mitambo ya gesi ilikuwa ikifua umeme kwa ajili ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Uwezo wake ulifika megawati 18. Kwa kipimo cha nyuklia hicho ni kitu kidogo sana. Lakini kila sehemu ya mnyororo ilikuwa karibu: kisima, mtambo, waya na mteja. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulikuja na nguzo na ruzuku, na waya wa kilovolti 33 ukaanza kuingia ndani, kuelekea Masasi, Nachingwea na Ruangwa.

Mfumo huo ulikuwa kisiwa. Kwa miaka mingi haukuungana na gridi ya Taifa, kwa hiyo mashine moja ikiharibika Mtwara, giza lilienea mpaka Lindi.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme, kwa kuwa mabwawa yalikauka. Serikali ikaamua kujenga bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, kwa mkopo wa China wa takriban dola bilioni 1.2. Watu wa Mtwara waliandamana Desemba 2012 wakisema gesi haitoki. Walikuwa wameahidiwa viwanda, na sasa walisikia bomba. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, ghasia zilizuka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zilichomwa, jeshi likaingia mitaani.

Kuna hoja mbili hapa, na zote zina uzito. Serikali ilisema rasilimali ni ya Taifa na kwamba mteja mkubwa yuko Dar es Salaam. Bila yeye visima haviwezi kulipa. Wananchi walisema kwamba bomba lenye kipenyo kile, likishafukiwa ardhini, litaamua ramani ya viwanda kwa miaka 50. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Leo sehemu kubwa ya gesi ya Mtwara inafuliwa umeme Kinyerezi na Ubungo.

2006–2017: Urani ya mto Mkuju

Kati ya 2003 na 2007 bei ya urani duniani ilipanda kutoka karibu dola 10 kwa ratili mpaka zaidi ya dola 130. Kampuni za Australia zilirudi kwenye ramani za Wajerumani. Mantra Resources ilipima eneo la mto Mkuju, Namtumbo, ikapata hazina kubwa iliyotawanyika kwa uchache: tani nzima ya mwamba ina chini ya nusu kilo ya urani. Hazina kama hiyo hulipa kwa wingi wake tu, na kwa bei ya juu tu.

Mwamba ulikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia tangu 1982. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka urekebishwe, eneo la mgodi litoke nje ya hifadhi. Watetezi wa wanyama walilalamikia njia za tembo, na wengine walihoji usalama wa maji ya vijito vinavyoingia bonde la Rufiji.

Kabla ya hapo, bahari ilikuwa imeamua mengi. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata njia za umeme zinazokilisha kituo cha Fukushima, Japani. Vinu vilijizima kama vilivyopangwa. Mawimbi yakaja yakazamisha jenereta za dizeli, pampu zikasimama, na vinu vitatu vikayeyuka. Kampuni ya Urusi ya ARMZ, iliyo chini ya Rosatom, ilikuwa katikati ya kuinunua Mantra. Iliendelea, ila ilipunguza bei yake. Leseni ya mgodi ilitolewa 2013. Kufikia mwisho wa 2016 urani ilikuwa chini ya dola 20 kwa ratili, na mradi ukasimamishwa. Kwa mara ya pili Namtumbo ilipata barabara ya utafiti bila mgodi.

2012–2024: Kinywe cha Ruangwa

Miongoni mwa Waaustralia waliokuja kutafuta urani ilikuwapo kampuni iliyoitwa Uranex. Bei ilipoanguka baada ya Fukushima, iligeukia kinywe cha Nachu, wilayani Ruangwa, na mwaka 2014 ikabadili jina kuwa Magnis. Hivyo ndivyo ajali ya nyuklia ya Japani ilivyoileta Ruangwa kwenye magazeti ya fedha: wawekezaji waliikimbia urani wakakimbilia betri. Betri ya gari la umeme hubeba makumi ya kilo za kinywe, na kinywe cha Ruangwa kina vipande vikubwa, vya aina inayotafutwa.

Leseni ya Nachu ilitoka 2015. Baada yake zilikuja tathmini za fidia, mikutano ya vijiji na ahadi, huku wakulima wakisita kupanda mikorosho mipya kwenye mashamba yaliyokwisha kupimwa. Miaka ilipita bila mgodi. Mradi mwingine wa wilaya hiyo hiyo, Lindi Jumbo, ulitangulia na kufika hatua ya kuchakata mwaka 2024, lakini mwaka huo huo mwenye mradi aliingia kwenye matatizo ya fedha. Bei ilikuwa imeshuka. China, inayosafisha kinywe kingi kuliko nchi yoyote, ndiyo iliyoshika mizani.

Kinywe cha asili nacho kimepata mlango wa kuingia katika vinu. Desemba 2023 kituo cha Shidaowan, China, kilianza kazi ya kibiashara kwa mafuta ya aina nyingine: mipira ya ukubwa wa mpira wa tenisi, yenye chembe za urani zilizofunikwa ndani ya kinywe. Sehemu kubwa ya kinywe hicho huanzia kwenye kinywe cha ardhini kilichosafishwa sana. Kazi ile ya usafishaji, iliyoamua mambo Chicago mwaka 1942, ndiyo inayoamua mpaka leo, na haifanyiki Ruangwa.

2025: Hesabu ya gridi

Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani wa mto Mkuju. Mgodi kamili unakusudiwa kutoa mpaka tani 3,000 za urani kwa mwaka. Kinu cha megawati 1,000 huhitaji takriban tani 200 za urani ya asili kila mwaka kabla ya kurutubishwa. Kwa hiyo Namtumbo peke yake ingeweza kulisha vinu 15 vya ukubwa huo, yaani megawati 15,000. Uwezo wote wa kufua umeme Tanzania mwaka huo ulikuwa takriban megawati 4,000, zaidi ya nusu yake zikitoka bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lenye megawati 2,115.

Je, nchi yenye urani ya vinu 15 iweke walau kimoja? Kanuni ya wahandisi inajibu kwa upole kwamba si bado. Mtambo mmoja haupaswi kuzidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi, kwa sababu ukizimika ghafla gridi nzima inaweza kuanguka nao, na kinu chenyewe kinahitaji gridi iliyo hai ili kipozwe. Kwa megawati 4,000, ukomo ni megawati 400. Vinu vya kawaida ni vikubwa kuliko hapo, na vidogo vinavyozungumziwa sana bado ni vichache duniani. Afrika kusini mwa Sahara ina kituo kimoja tu cha nyuklia, Koeberg karibu na Cape Town, kilichoanza 1984 juu ya gridi iliyokwisha kuwa kubwa. Kenya, iliyokusudia kujenga Uyombo, Kilifi, ilikutana mwaka 2024 na upinzani wa wavuvi na wakazi. Uganda inaandaa eneo la Buyende. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, kwa sheria ya 2003, na kwanza itapaswa kusimamia mgodi.

Kwa upande wa nguzo, Serikali imetangaza kwamba vijiji karibu vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Kijiji kufikiwa si kila nyumba kuunganishwa, na umeme wa taa si umeme wa kiwanda. Hapo ndipo miradi ya leo inapaswa kupimwa. Kiwanda cha kusafisha kinywe hula umeme mwingi, wa uhakika, mchana na usiku. Bila laini kubwa ya kuunganisha Lindi na Mtwara na gridi kwa nguvu ya kutosha, kinywe cha Ruangwa kitaendelea kutoka kikiwa ghafi, kama urani ya Namtumbo itakavyotoka ikiwa unga wa manjano ndani ya mapipa.

Katika miaka hii 80 kusini imeona reli ya karanga, bomba la inchi 36, leseni za urani na za kinywe. Mradi ambao uliwasha taa nyingi kwa gharama ndogo ni ule wa megawati 18, kwa sababu ulianza na mteja wa karibu na waya wake. Halmashauri za Ruangwa na Namtumbo zikikaa mezani na wawekezaji, swali la asilimia ya mrabaha litakuwapo, na ni la haki. La pili, lenye umri mrefu zaidi, ni la kilovolti: laini ipi itajengwa, itafika lini, na itaandikwa kwenye mkataba kabla ya mgodi au baada yake.